Nyimbo Zilizobaki Bila Lebo: Wasikilizaji wa Kitui na Makueni na Urithi wa Benga ya Kikamba

Katika vibanda vya simu vya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi, ambako kijana mwenye kompyuta huijaza memori kadi nyimbo mia kadhaa kwa malipo madogo, benga ya Kikamba, muziki wa gitaa wa miaka ya 1970 na 1980, bado inatafutwa na kununuliwa, ila mara nyingi humfikia mnunuzi ikiwa imevuliwa kila kitu isipokuwa sauti. Faili inayoonekana kwenye kioo cha simu huwa na nambari tupu, au jina la wimbo lililoandikwa vibaya, au jina la kundi ambalo halikuwahi kuupiga wimbo huo, na mara nyingine hubeba jina na nambari ya simu ya kibanda chenyewe, kana kwamba mwenye kibanda ndiye mtunzi.

Sahani ya santuri iliyobeba wimbo huohuo ilipotoka kiwandani ilikuwa na lebo ya duara katikati, na juu ya lebo hiyo palichapwa jina la wimbo, jina la kundi, mara nyingi jina la mtunzi, jina la kampuni iliyoitoa na nambari ya toleo. Karibu na lebo, katika ukanda mwembamba usiokuwa na sauti, palichorwa nambari ya matrisi, yaani alama ya kiwanda inayotambulisha kalibu iliyotumika kuuchapa upande huo wa sahani, na kwa mtu anayejua kuisoma alama hiyo ni ushahidi wa mpangilio wa rekodi, hata pale lebo inapokuwa imebanduka au kuliwa na mchwa.

Kati ya sahani ile na faili hii pana nakala nyingi, za kaseti kwanza, kisha za diski, kisha za simu, na katika kila hatua sauti ilivuka na maandishi yakabaki nyuma. Ndiyo maana mazungumzo ya watu wanaokaa pamoja kusikiliza rekodi hizi, wakibishana ni nani anayeimba, ni gitaa la nani na ni mwaka gani, hayafai kuchukuliwa kuwa burudani ya wazee peke yake. Kwa sehemu kubwa ya muziki huu, mazungumzo hayo ndiyo kumbukumbu pekee iliyosalia, nayo haijaandikwa popote.

Kutoka River Road hadi Mutomo

Santuri na gitaa havikuwa vitu vigeni Ukambani, eneo la Wakamba lenye Kitui na Makueni, wakati benga ilipofika. Wakamba wengi walitumikia jeshi la King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia, na miongoni mwa waliorudi kutoka Burma na kwingineko walikuwamo waliokwisha kuzoea gitaa na sahani za muziki, huku wengine wakikutana na vitu hivyo Nairobi na Mombasa, walikokwenda kutafuta kazi. Reli ya Mombasa, inayopita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud, ilikuwa njia ya watu na mizigo yao, na sahani za muziki zilikuwa sehemu ya mizigo hiyo.

Benga yenyewe ilianzia Nyanza, miongoni mwa wanamuziki Wajaluo waliohamishia kwenye gitaa la umeme namna ya upigaji wa nyuzi iliyokuwa katika ala zao za asili, na majina kama John Ogara, George Ramogi na Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz ndiyo yanayotajwa kwanza katika historia yake. Kutoka huko ilienea hadi Mkoa wa Kati na Ukambani, ambako iliingia katika lugha nyingine, na ikaingia pia katika mwendo mwingine wa kupiga gitaa.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 makundi matatu yalitawala. La kwanza ni Kilimambogo Brothers, lililojulikana pia kama Les Kilimambogo, likiongozwa na Kakai Kilonzo hadi kifo chake mwaka 1987. La pili ni Kyanganga Boys la Peter Mwambi. Na la tatu ni Kalambya Boys la Onesmus Musyoki, pamoja na waimbaji wanawake waliofahamika kama Kalambya Sisters, ambao wimbo wao “Katelina”, kisa cha kuchekesha kuhusu mwanamke mpenda pombe ya kienyeji, ulivuka mipaka ya Ukambani. Nyuma yao yalikuwapo makundi mengine mengi, miongoni mwao Ngoleni Brothers na Kaiti Brothers, ambayo msikilizaji wa nje huyapita haraka na ambayo kwa wenyeji yana watetezi wakali.

Muziki huu ulirekodiwa Nairobi na kuuzwa katika maduka ya River Road na mitaa ya jirani, na bidhaa yake kuu ilikuwa sahani ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika. Mtu aliyerudi nyumbani Mutomo, Kyuso au Kathonzweni mwishoni mwa mwezi aliweza kuzibeba sahani kadhaa ndani ya mfuko wa sukari na unga, na sahani hizo zilizungushwa kwenye santuri ya betri katika duka au hoteli ya soko, ambako watu wengi walisikiliza nakala moja. Usikilizaji wa pamoja, basi, ulikuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa ndivyo uchumi wa wakati huo ulivyoruhusu.

Gitaa mbili na nafasi kati yake

Anayetaka kujua kwa nini rekodi hizi zinastahili kusikilizwa kwa makini aanze na gitaa. Katika benga ya Kikamba gitaa moja hushika kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, katika sehemu ya chini, na gitaa la pili hupanda juu na kucheza nyuzi moja moja kwa kasi, likizunguka katika mpangilio mfupi unaojirudia, na kila noti yake huangukia pale ambapo gitaa la kwanza, besi na sauti ya mwimbaji vimeacha nafasi. Hakuna ala inayofunika nyingine. Sikio likifuata moja peke yake linapata kitu chepesi, na likifuata zote linasikia mtiririko usiokatika, huku ngoma kubwa ikigonga mapigo manne sawasawa chini yake.

Ufundi huo ndio unaoyatofautisha makundi. Msikilizaji mzoefu hulitambua kundi kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa jinsi gitaa la juu linavyoingia, kwa uzito wa besi, au kwa namna ngoma inavyotulia pale mashairi yanapoanza. Huu ni ujuzi wa kweli, wenye thamani ileile ya ujuzi wa anayesoma nota, na umejengwa kwa miaka mingi ya kurudia sahani moja.

> Gitaa la juu huangukia pale ambapo gitaa la kwanza, besi na mwimbaji wameacha nafasi.

Mabishano ya kudumu zaidi katika vikao vya wasikilizaji yanamhusu Kakai Kilonzo na Peter Mwambi. Kakai aliimba kwa Kikamba, lakini aliimba sana kwa Kiswahili pia, na kwa njia hiyo Kilimambogo ikasikika katika Kenya nzima. Mwambi alibaki zaidi na wasikilizaji wa nyumbani. Wapo wanaosema kwamba Kiswahili kilimfungulia Kakai mlango bila kumwondoa katika mwendo wa gitaa wa Ukambani, na wapo wanaoshikilia kwamba utunzi wa Kikamba hubeba mafumbo ambayo hayahamishiki, na kwamba nguvu yote ya mtindo huu iko kwa yule ambaye hakulazimika kujieleza kwa wageni. Hoja zote mbili zina msingi, lakini anayezisikiliza rekodi zenyewe atagundua kwamba gitaa za Kilimambogo hazikupunguza lolote pale lugha ilipobadilika, na hilo linaipa hoja ya kwanza uzito ambao haielekei kuupata inapojadiliwa kwa maneno bila sahani kuchezwa.

Rekodi ndiyo kazi yenyewe

Kusikiliza na kulinganisha rekodi ni desturi yenye historia ndefu huko Ulaya, ambako mwaka 1923 mwandishi Compton Mackenzie alianzisha jarida la Gramophone mahususi kwa wanunuzi wa sahani, na ambako hadi leo wapenzi wa Beethoven hushindana kwa hoja kuhusu Simfoni ya Tisa kama ilivyoongozwa na Wilhelm Furtwängler pale Bayreuth mwaka 1951 na kama ilivyorekodiwa na Herbert von Karajan na okestra ya Berlin muongo uliofuata. Simfoni ni utungo mrefu wa okestra, kwa kawaida wenye sehemu nne, na utungo huo umeandikwa kwa nota. Rekodi zote zikipotea kesho, okestra yoyote yenye kitabu cha nota inaweza kuupiga upya.

Benga ya Kikamba haina kitabu hicho. Wimbo ulitungwa kwa kupigwa, ukakomazwa katika dansi, kisha ukaingia studio, na kilichotoka humo ndicho kilichobaki. Rekodi ikipotea, kazi imepotea. Na nakala ikiwa mbovu, ubovu huo unakuwa sehemu ya wimbo katika masikio ya kizazi kisichojua kwamba paliwahi kuwapo kitu bora zaidi.

Mfano ulio wazi ni upande wa pili wa sahani. Kwa kuwa sahani ya inchi 7 ilibeba dakika chache tu kwa kila upande, nyimbo nyingi za Kenya zilikatwa mara mbili: sehemu ya kwanza, yenye mashairi na kisa, upande mmoja, na sehemu ya pili, ambamo gitaa hupewa nafasi na mdundo hukolea kwa ajili ya wachezaji, upande mwingine. Aliyekuwa na santuri aliigeuza sahani na kuendelea. Aliyenakili kwenye kaseti, akitaka nyimbo nyingi katika nafasi ndogo, mara nyingi alichukua upande wa kwanza peke yake, na redio yenye dakika chache za kujaza ikafanya vivyo hivyo, na matokeo yake ni kwamba nyimbo kadhaa zinazozunguka leo katika simu za Makueni zinakatika pale ambapo wacheza dansi wa mwaka 1978 walikuwa ndio kwanza wanaanza.

Hasara hiyo haionekani kwa anayemiliki faili, kwa kuwa faili haisemi kwamba ni nusu. Huonekana tu pale mtu aliyewahi kuicheza sahani anapoketi na mtu mwenye simu na kusema kwamba wimbo huu una upande mwingine.

Tarehe zinazotoka vinywani

Lebo nyingi za sahani za Kenya zilitaja nambari ya toleo na zikaacha kutaja mwaka, na hivyo tarehe hupatikana kwa njia ya kuzunguka. Wasikilizaji wa Kitui na Makueni wana njia zao. Ukambani, eneo lenye mvua za kusuasua, miaka ya njaa hupewa majina, na ukame wa 1984 unakumbukwa kama Nikw'a Ngwete, yaani kufa fedha zikiwa mkononi, kwa sababu chakula hakikupatikana hata kwa aliyekuwa na pesa ya kukinunua. Mzee anaposema kwamba sahani fulani ilikuwa tayari ikichezwa katika soko lao kabla ya njaa hiyo, ametoa ushahidi wa tarehe unaoweza kulinganishwa na nambari ya toleo na ushahidi wa watu wengine.

Mipaka ya utawala nayo huleta mkanganyiko unaohitaji mtu wa mahali kuutatua. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, ilipotengwa kuwa wilaya, na zote mbili, pamoja na Kitui, zikawa kaunti baada ya uchaguzi wa 2013. Kwa hiyo wanamuziki wa Kaiti, Mbooni au Kilungu waliorekodi katika miaka ya 1970 wameandikwa katika vitabu na vijitabu vya rekodi kuwa watu wa Machakos, na mtafiti anayetegemea maandishi hayo peke yake ataipunguzia Makueni sehemu yake katika historia ya muziki huu.

Suala la majina ya watu binafsi ni zito zaidi. Lebo ilitaja kundi na mtunzi, na ni nadra kumtaja mpiga besi, mpiga gitaa la pili au mpiga ngoma, ingawa ni gitaa la pili ndilo linaloupa mtindo huu sura yake. Wanawake wameumia zaidi: sauti za Kalambya Sisters zinajulikana na kila mtu aliyefikia umri wa kucheza dansi katika miaka ya 1980, lakini umaarufu ulibaki kwa jina la kundi, na majina ya waimbaji mmoja mmoja hayakupata nafasi iliyowastahili. Vikao vya wasikilizaji ndipo mahali ambapo mtu husema kwamba sauti ya juu ni ya mwanamke aliyetoka kijiji fulani, akaolewa mahali fulani, na mwingine akasahihisha. Maneno ya aina hiyo yakiachwa hewani huondoka na wasemaji.

> Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na rekodi nyingi za wanamuziki wake bado zinahesabiwa kuwa za Machakos.

Ni kweli kwamba kumbukumbu za vikao hukosea, kwamba mtu hulipa kundi la kijiji chake sifa isiyo yake, na kwamba hadithi ikirudiwa mara nyingi hupata uimara wa ukweli. Dawa ya kasoro hiyo ni kukusanya shuhuda nyingi na kuzipima dhidi ya lebo na nambari za matrisi, kazi ambayo haiwezekani ikiwa shuhuda zenyewe hazikurekodiwa.

Nani ana haki ya kugawa?

Hapa ndipo pande zinapotengana. Wapenzi wanaosambaza rekodi bila malipo, kwa simu, kwa flashi au katika makundi ya WhatsApp, husema kwamba wao ndio waliouokoa muziki huu wakati kampuni zilipofungwa na maduka yakaacha kuuuza, na kwamba bila nakala zao kizazi cha leo kisingeujua. Wanamuziki walio hai na jamaa za waliofariki hujibu kwamba uokoaji huo haujawahi kuwaletea hata nauli ya kwenda Nairobi kudai haki yao, na kwamba kibanda kinachotoza kwa kila memori kadi kinafanya biashara kwa jasho la mtu mwingine.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatenganisha haki mbili ambazo katika mabishano huchanganywa. Haki ya mtunzi juu ya utungo wake hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Haki juu ya rekodi ya sauti, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharamia kurekodi, hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka rekodi ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, rekodi iliyofanywa mwaka 1974 ilitoka katika ulinzi mwishoni mwa 2024, na kila mwaka unaopita unatoa nyingine, lakini tungo za Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, zinabaki chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2037. Kampuni inayodai kwamba ina haki juu ya sahani ya mwaka huo wa 1974 haina tena dai hilo; jamaa za mtunzi bado wana dai lao juu ya utungo.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa Kitui na Makueni, kwa sababu huondoa hofu inayowazuia wengi kushughulika na rekodi za kale, na wakati huohuo humwonyesha anayetaka kuzitumia kibiashara ni nani hasa anayepaswa kutafutwa na kulipwa. Sheria hiyo inatambua pia malipo yanayotozwa kwenye vifaa vya kurekodia, ili kuwafidia wenye haki kwa nakala ambazo watu hujitengenezea majumbani, wazo ambalo lingewafaa sana watunzi wa muziki unaoishi ndani ya memori kadi.

Ugumu uko katika ugawaji. Chama cha MCSK, cha kukusanya mirabaha ya watunzi, kilianzishwa mwaka 1983, na baadaye KAMP ya watayarishaji na PRISK ya waigizaji na wapigaji zikafuata, lakini mizozo ya leseni kati ya vyama hivi na Bodi ya Hakimiliki, ukiwemo ule wa 2017 uliofika mahakamani, imewafanya wanamuziki wengi wa vijijini wasijue wamfuate nani. Tena mirabaha hugawanywa kwa kufuata majina yaliyoripotiwa na vituo vya utangazaji na watumiaji wengine. Wimbo unaochezwa kutoka kwenye faili isiyo na jina la mtunzi hauwezi kuripotiwa kwa usahihi, na hivyo mzozo wa malipo na tatizo la lebo zilizopotea ni jambo moja: familia ya mpiga gitaa ambaye jina lake halimo kwenye faili haina hata mahali pa kuanzia dai.

Kwa sababu hiyo upande wa wapenzi na upande wa wanamuziki wana maslahi ya pamoja ambayo ugomvi wao umeyaficha. Anayesambaza wimbo na kuutajia mtunzi, kundi, kampuni na nambari ya toleo bado hajalipa, lakini ameacha njia ya malipo wazi; anayesambaza bila majina ameifunga, hata kama hakuchukua shilingi.

Sahani zinazovuka bahari

Wakati mabishano haya yakiendelea, sahani zenyewe zinaondoka. Nairobi bado ina mahali pa kuzitafuta, kama duka la Melodica na kibanda cha Real Vinyl Guru katika Soko la Kenyatta, lakini hamu ya wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Japani imepandisha bei, na wachuuzi wanaojua bei hizo hufika hadi masoko ya ndani wakinunua makasha mazima kutoka kwa familia ambazo hazina tena santuri ya kuyachezea.

Wageni hawajaleta hasara pekee. John Storm Roberts, Mwingereza aliyefanya kazi ya uandishi wa habari Nairobi katika miaka ya 1960, alitoa mkusanyiko wa “The Nairobi Sound” mwaka 1982, na Mmarekani Doug Paterson ametumia miaka mingi kuorodhesha matoleo ya Kenya na kuandika kuhusu makundi ya Ukambani wakati ambapo hapakuwa na chombo cha umma kilichofanya hivyo. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa “Kenya Special”, mkusanyiko wa rekodi za miaka ya 1970 na 1980. Kazi hizi zinastahili heshima, na zinastahili pia kuwa kipimo cha aibu, kwa kuwa mtoto wa Mwingi anayetaka kusoma historia ya gitaa la Kikamba hupelekwa kwenye kijitabu kilichochapwa London.

Kenya ina mifano yake. Ketebul Music, shirika lililoanzishwa Nairobi na Tabu Osusa mwaka 2007, lilitoa “Retracing the Benga Rhythm” mwaka 2008 na kitabu cha “Shades of Benga” mwaka 2017, na lilishirikiana na maktaba ya muziki iliyoasisiwa na Hugh Tracey huko Afrika Kusini kuzirudisha miongoni mwa Wakipsigis rekodi ambazo Tracey alizifanya mwaka 1950. Katika urejeshaji huo wenyeji walizisikiliza rekodi pamoja, na baadhi ya waimbaji wakatambuliwa wakiwa bado hai. Rekodi iliyokaa kabatini kwa zaidi ya miaka 60 ilipata majina ya watu wake kwa sababu ilichezwa mbele ya masikio yaliyoijua.

> Waliokuwa na umri wa miaka 20 studio mwaka 1975 wamevuka sasa miaka 70.

Kazi ya kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli za utamaduni na maktaba, na Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazipa wajibu wa kuweka sajili. Sheria hiyo ya pili inagusa zaidi muziki wa asili, kama kilumi, ngoma ya wanawake wazee inayohusishwa na uponyaji na maombi ya mvua, kuliko benga yenye watunzi wanaojulikana. Hata hivyo hakuna kinachoizuia Kitui au Makueni kuandaa chumba kimoja cha kusikilizia katika maktaba kama ile ya Mwingi, chenye santuri nzuri, sindano mpya, kompyuta na mtu aliyefundishwa kuzisafisha sahani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, kina wanafunzi wanaozungumza Kikamba na wanaohitaji mada za utafiti. Shule za sekondari zinazofundisha muziki huwazoesha wanafunzi kuchambua kazi zilizoteuliwa za Magharibi na za Kiafrika kwa ajili ya mtihani wa KCSE, na sikio lililofundishwa kufuata sauti nne za kwaya linaweza, kwa msaada kidogo, kufuata gitaa mbili za Kyanganga.

Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikamba vina nafasi ambayo hakuna chombo kingine kilicho nayo. Musyi FM inasikika katika eneo zima, na Radio Mang'elete ya upande wa Mtito Andei, iliyoanzishwa na vikundi vya wanawake mwaka 2004, iko karibu na wasikilizaji wake kuliko studio yoyote ya Nairobi. Mtangazaji anapoucheza wimbo wa kale na kuwauliza wasikilizaji ni nani aliyepiga besi, simu zinazoingia ni data. Zikihifadhiwa pamoja na jina la wimbo na tarehe ya kipindi, kituo kitakuwa kimekusanya ndani ya mwaka mmoja kumbukumbu ambayo mtafiti peke yake asingeipata. Lakini kwanza wimbo uchezwe wote, pande zote mbili, bila mtangazaji kuzungumza juu ya gitaa.

Hakuna haja ya kuwanyang'anya wenye sahani mali yao. Sahani inaweza kuazimwa kwa siku moja, ikasafishwa, ikahamishwa kwenye faili isiyobanwa, yaani isiyopunguzwa sauti ili kuokoa nafasi kama inavyofanywa katika faili za simu, ikapigwa picha za lebo zote mbili, kisha ikarudishwa kwa mwenyewe ikiwa katika mfuko mpya wa karatasi. Joto la Kitui hupinda sahani zilizolazwa moja juu ya nyingine chini ya mabati, na vumbi huchimba mifereji yake kila sindano inapopita. Kwa hiyo zisimamishwe wima, mahali penye kivuli, hata kabla ya kaunti yoyote kutenga shilingi.

Kwa familia yenye kasha moja la sahani huko Zombe au Nunguni kazi inaweza kuanza na simu iliyo mfukoni: picha ya lebo ya upande wa kwanza, picha ya lebo ya upande wa pili, picha ya nambari iliyochorwa kando ya lebo, kisha sauti ya mtu mzima kuliko wote nyumbani akieleza sahani ilinunuliwa wapi, na nani, na ilichezwa katika harusi au soko gani, na majina ya wapigaji anaowakumbuka, pamoja na yale ambayo jirani yake anayakataa.